Bendi kongwe ikirudi studio: kutoka hevi metali hadi dansi la Mbeya na Iringa

Mwaka 2002 albamu mbili za mwanzo alizotoa Ozzy Osbourne baada ya kutoka bendi ya hevi metali ya Black Sabbath zilirudi madukani zikiwa zimebadilishwa viungo. Gita la Randy Rhoads, aliyefariki 1982, lilikuwa lile lile. Sauti ya Ozzy ile ile. Lakini besi ya Bob Daisley na dramu za Lee Kerslake zilikuwa zimeondolewa, na mahali pake wamepiga Robert Trujillo na Mike Bordin. Chanzo kilikuwa mvutano wa malipo. Mashabiki walinung'unika kwa miaka, na albamu hizo zilipotolewa tena mwaka 2011, besi na dramu za awali zikarudishwa.

Trujillo na Bordin si wanafunzi. Mwaka uliofuata Trujillo aliingia Metallica. Bordin ndiye mpiga dramu wa Faith No More. Noti walizijua, vyombo walikuwa navyo, na bado nyimbo ziliwakataa. Sikiliza matoleo yote mawili kwa hedifoni utaelewa. Gita huwa linaegemea dramu iliyokuwepo siku ile, pamoja na vikawio vyake vidogo na mbio zake ndogo. Ukiitoa dramu ile ukaweka nyingine, hata iliyo bora, gita linabaki limeegemea ukuta uliobomolewa.

Hevi metali si muziki wa baa zetu wala wa harusi zetu huku Nyanda za Juu Kusini. Lakini zoezi la kurekodi upya nyimbo za ujana wazee wa metali wamelifanya mara nyingi, na matokeo yapo, ya zamani na mapya, yeyote anaweza kuyalinganisha. Na huku kwetu jambo hilo limeanza kuulizwa. Bendi ya dansi iliyovunjika miaka ya tisini inakutana kwenye msiba wa mwenzao, gita linatolewa chumbani, nyimbo zinakumbukwa, na wiki mbili baadaye mtu anapiga simu kuuliza studio ya Mwanjelwa, Mbeya, inatoza kiasi gani kwa siku. Kwaya nazo hivyo hivyo. Simu hiyo imewahi mno. Kabla ya bei ya studio kuna kazi ya majuma kadhaa ambayo haihitaji studio kabisa.

Mnarudia kwa sababu gani?

Twisted Sister walirudiana, na mwaka 2004 wakarekodi upya albamu yao yote ya 1984 kwa sababu hawakuwahi kuridhika na mlio wake. Waliona ni mwepesi mno kwa bendi waliyokuwa jukwaani. Mwaka huo huo Anthrax walirudia nyimbo za miaka ya themanini wakiwa na mwimbaji mwingine, John Bush, wote wakipiga pamoja studio kama wako jukwaani. Testament mwaka 2001 walirudia nyimbo za albamu zao mbili za kwanza, za 1987 na 1988, huku mpiga gita wao wa zamani, Alex Skolnick, akiwa amerudi. Exodus mwaka 2008 walirudia albamu yao ya 1985. Paul Baloff aliyeiimba mwanzo alikuwa amefariki 2002, wakaimba na Rob Dukes.

Sababu hazifanani, na kila moja inadai uamuzi wake. Kama tatizo ni mlio mbaya wa rekodi ya kwanza, kasi na ufunguo (noti ya msingi ya wimbo) visiguswe. Badilisheni mlio tu. Kama tatizo ni kwamba rekodi ya zamani ni mali ya mtu mwingine nanyi mnataka yenu, nakilini kila kitu hadi kikohozi. Kama mnataka tu kusikika mlivyo leo, pigeni pamoja chumba kimoja na msihangaike kufanana. Bendi inayochanganya sababu hizi ndiyo inayotoa kitu ambacho si cha zamani na si kipya. Kwa masikio yangu, zile za Anthrax zinapumua kuliko za Exodus, na si kwa sababu Exodus wamepiga vibaya. Gita zimekuwa nzito, kila kitu kimenyooka, lakini ule wasiwasi wa vijana wa 1985 wanaokaribia kuanguka kwenye kona haumo tena, na wasiwasi ule ndio uliokuwa wimbo.

Kupima

Bendi nyingi za mikoani zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha Iringa, nyimbo zake tunazijua kwa njia hiyo. Lakini nakala iliyobaki mikononi mwa watu mara nyingi ni kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni, kisha ikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, kwa deki nyingine, na kila deki ilikuwa na mwendo wake. Kwa hiyo mnachokisikia si kasi ya bendi wala si ufunguo wa bendi, mpaka mthibitishe.

Tafuteni nakala bora, msikubali iliyo karibu tu. Kaseti iliyokaa Tukuyu, ambako mvua haina haja ya kusubiri msimu, ikionyesha unga mweupe kwenye kidirisha chake ina ukungu; isiwekwe kwenye deki nzuri kabla haijasafishwa. Kabla ya kuicheza, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe, ili utepe ujikunje upya kwa mkazo sawa. Kile kipande cha sponji kinachosukuma utepe kikiwa kimedondoka, hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine lenye skrubu. Kichwa cha deki kisafishwe kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi inayouzwa kwa ajili ya taa huacha mabaki. Gurudumu la mpira lifutwe kwa maji na sabuni kidogo, maana spiriti hukausha mpira.

Kisha skrubu ya kichwa. Iko pembeni ya kichwa cha kusomea, na kazi yake ni kukilaza sambamba na utepe. Tia alama ya rangi ya kucha mahali ilipo sasa, unganisha chaneli zote mbili ziwe moja, cheza sehemu yenye hai-hati (matoazi mawili ya dramu) nyingi, zungusha taratibu sana hadi hai-hati ing'ae kuliko mahali pengine popote. Dakika mbili za kazi hiyo hurudisha sauti nyembamba ambazo hakuna programu itakayozirudisha baadaye. Ingiza kwenye kompyuta kwa biti 24 na kilohezi 48.

Sasa ufunguo. Kaseti hutembea sentimeta 4.76 kwa sekunde. Deki ikizidisha mwendo kwa asilimia 6 tu, wimbo unapanda nusu toni nzima. Ikizidisha kwa asilimia 3 unapanda robo toni, na hapo hakuna gita lililotyuniwa vizuri litakaloingia popote. Pima kwa tyuna noti ndefu za besi kwenye nyimbo zote za kaseti. Zikiwa zimekosea zote kwa kiasi kile kile na upande ule ule, mkosaji ni deki. Kila wimbo ukiwa na kosa lake, mkosaji ni bendi, iliyojityuni kwa sikio siku ile. Hilo mnaweza kuliacha nyuma bila majuto.

Kuna njia nzuri zaidi ambayo watu hawaitumii. Umeme wetu ni hezi 50, na rekodi nyingi za zamani zina mvumo wa umeme chini kabisa, kwenye 50 na 100. Fungua picha ya masafa kwenye programu, tafuta mvumo huo sehemu ya kimya kabla wimbo haujaanza. Ukiukuta kwenye 53 badala ya 50, nakala yako inakimbia kwa asilimia 6. Irudishe kwa kupunguza mwendo uwe mara 0.943 ya ulivyo na kila kitu kinakaa. Jihadhari na mvumo wa deki yako mwenyewe: huo utasimama 50 kamili, hivyo ukiona vilima viwili jirani, cha kufuata ni kile ambacho si 50.

Ufunguo usahihishwe kwanza, kasi ipimwe baadaye. Ukigeuza mpangilio huo utapima kasi ya deki. Weka wimbo uliosahihishwa ndani ya Reaper au programu nyingine ya kurekodi, utie alama mwanzo wa kila hesabu ya nne, kuanzia utangulizi hadi mwisho. Programu itakutolea ramani ya kasi. Hapa ndipo wazee hushangaa. Wimbo waliodhani ni wa mapigo 120 kwa dakika unaweza kuanza na 117, kiitikio kikapanda 121, sebene likaingia kwa 129 na kumalizika 136. Nyimbo za thrash, yaani metali ya mbio, ambazo nyingi ziko kati ya 160 na 220, zina mbio hizo hizo za kichinichini. Prodyuza kijana akiweka metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) ya 120 mwanzo hadi mwisho, sebene linakufa na hakuna atakayejua limeuawa na nini; watasema mpiga solo amezeeka. Metronomu itumike, lakini ifuate ramani ya wimbo wa zamani, ikipanda mahali bendi ilipopanda. Na kama bendi bado inajiamini, ramani ipigwe mara mbili mazoezini, kisha metronomu izimwe.

Andikeni pia nani anapiga nini: gita la solo, la kati, la ridhimu, tumba, na kile kitu cha nyuma ambacho kila mtu anadhani ni hai-hati kumbe ni chupa. Sikilizeni kila kimoja peke yake kwa hedifoni. Kumbukumbu ya miaka 30 hudanganya. Mtu hukumbuka alivyokuwa akipiga ukumbini mwaka wa mwisho, si alivyopiga siku ya kurekodi.

Kushusha ufunguo

Mwimbaji wa miaka 64 hana koo la miaka 28. Bendi za metali hutyuni chini bila aibu, nusu toni au toni nzima, na dansi linaweza kufanya hivyo. Kushusha gita lenyewe ni bora kuliko kuhamisha vidole, kwa sababu gita la dansi linaishi kwa nyuzi zilizo wazi. Ukihamisha vidole, mlio wake unapotea. Lakini nyuzi zikishushwa nusu toni hupoteza kama asilimia 11 ya mkazo, na toni nzima asilimia 21. Zinalegea, zinagonga freti (vyuma vya shingoni), na mpigaji akikandamiza kwa nguvu noti inapanda. Dawa ni nyuzi nene zaidi: kutoka seti ya 10 kwenda 11 karibu mkazo wote wa toni nzima unarudi. Baada ya hapo pimeni kila uzi ukiwa wazi na ukiwa umebanwa kwenye freti ya 12. Visipolingana, vigari vya daraja, vile vinavyobeba nyuzi upande wa mwili wa gita, visogezwe. Wengi husahau hili, halafu wanailaumu tyuna.

Wapiga upepo waulizwe kabla ya kuamua. Wimbo wa A ukishuka nusu toni, tarumbeta la B-flati linatoka kwenye B yenye shapu 5 kuja B-flati yenye flati 2, na saksafoni ya alto inatoka F-shapu kuja F. Watashukuru. Lakini wimbo wa C ukishushwa kwenda B, tarumbeta linatoka D ya kawaida kwenda D-flati yenye flati 5, na mzee ambaye hajashika tarumbeta tangu karne iliyopita atakosea hadi usiku. Hapo shusheni toni nzima.

Chumba, mvua na baridi

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa kama 1,550, Njombe juu zaidi. Hilo lina maana tatu kwa mwenye kurekodi.

La kwanza ni mabati. Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei mvua ikipiga bati lisilo na dari nzito, hakuna maiki itakayosikia kingine. Kodisheni chumba chenye dari ya mbao au zege, au panga kazi kati ya Juni na Oktoba. Upepo wa Makambako nao hupiga bati, ila angalau hupumzika usiku.

La pili ni baridi, na hili ndilo linalotesa bendi zenye upepo. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Chumba kikiwa na watu 9 na amplifaya zinazowaka, ndani ya saa mbili kinafika 20. Nyuzi za gita zikipata joto hurefuka na kushuka. Tarumbeta na saksafoni zikipata joto hupanda, kwa sababu sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa yenye joto: kama senti 3 (nusu toni ina senti 100) kwa kila nyuzi moja ya joto, yaani senti 30 hivi kati ya 10 na 20. Gita linashuka, tarumbeta linapanda, kila upande unadai umetyuni. Washeni kila kitu saa moja kabla, watu wakae chumbani na vyombo vikiwa nje ya mifuko, tarumbeta lipulizwe bila kupigwa noti hadi lipate joto la pumzi, na tyuna zipimwe upya kila baada ya nyimbo mbili. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa. Sumu yake haina harufu.

La tatu ni ukavu wa Agosti na Septemba. Gita lililoletwa kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 chini huko kwenye unyevu, likifika Mbeya mbao zake husinyaa: shingo hubadilika pinde na ncha za freti huchomoza pembeni. Lije siku tano kabla, lisitoke kwenye basi likaingia studio. Tumba za ngozi ya ng'ombe hufanya kinyume: kwenye ukavu hukaza na kupanda, unyevu ukija hulegea hadi ziote jua.

Trei za mayai ukutani hazizuii sauti. Zimebandikwa kwenye studio nyingi hadi zimekuwa kama cheti cha usajili, lakini karatasi nyembamba hupunguza miruzi kidogo tu, besi inapita kama hakuna kitu. Kinachofanya kazi ni unene. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi nzito zilizoning'inizwa sentimeta 10 kutoka ukutani badala ya kugusa ukuta, na marobota ya mitumba yaliyopangwa kwenye kona hadi darini. Robota la mitumba ni kinywaji kizuri cha besi, na ukimaliza linarudi sokoni.

Umeme

Hesabu ya studio ya kuhamisha ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Kompyuta mpakato wati 65, kadi ya sauti yenye matundu 16 kama 30, spika mbili za kusikilizia 140, amplifaya ya gita ya valvu 180, ya besi 200. Jumla kama 615. Betri moja ya volti 12 na saa-ampia 200 ina wati-saa 2,400, lakini betri ya risasi haipaswi kuzidi nusu, na inveta hula sehemu yake. Mnabaki na kama 1,000, yaani saa moja na nusu hivi. Inatosha kumalizia wimbo umeme ukikatika. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei nafuu za wimbi la ngazi huingiza mlio kama nyuki kwenye gita lenye pikapu za koili moja.

Mvumo ukisikika, chomoeni kwanza chaja ya kompyuta. Mara nyingi ndio mwisho wa tatizo. Vyombo vyote vichomekwe kwenye soketi moja yenye ethi (waya wa ardhini). Kuna mafundi wa jukwaani wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli, na siku waya wa amplifaya ukigusa bodi yake, mwimbaji mwenye midomo kwenye maiki ndiye anakuwa ethi.

Kurekodi kwenyewe

Hapa nitapita haraka kwa sababu mengi yameshaamuliwa. Dramu kwanza, pamoja na besi na gita la ridhimu, watu watatu wakitazamana. Maiki mbili za juu ziwe umbali sawa kutoka katikati ya snea, ile dramu ya mlio mkali. Pimeni kwa kamba, si kwa macho. Sauti husafiri mita moja kwa milisekunde karibu 3, na tofauti ya nusu mita inatosha kuifanya snea iwe nyembamba kama kopo. Besi ikisikika imepotea mkiunganisha maiki ya kiki (dramu kubwa ya mguu) na za juu, geuzeni mwelekeo wa wimbi la maiki moja kabla hamjagusa ikwalaiza.

Gita za metali hupigwa mara mbili, moja kushoto na moja kulia, na ni lazima zipigwe mara mbili kweli. Kunakili teki moja, yaani pigo moja lililorekodiwa, na kuiweka pande zote mbili kunatoa gita moja lenye sauti kubwa katikati. Distoshoni (mkwaruzo wa gita) ipunguzwe chini ya ile ya jukwaani. Gita mbili zikijumlishwa uzito unarudi, na mikwaruzo inasomeka. Dansi halihitaji hilo. Magita matatu ya dansi tayari yanajibizana, na ukiyapiga mara mbili mbili yanakuwa uji. Maiki ikae mkabala na spika, sentimeta 3 kutoka kwenye kitambaa. Katikati ya koni ni kali, ukisogea sentimeta 2 kuelekea ukingoni inapoa.

Mwimbaji aimbe saa mbili kwa siku, zisizidi. Maji ya uvuguvugu, viitikio vya juu vibaki mwisho, na teki 3 hadi 5 za kila ubeti zitunzwe zote. Wageni kutoka Pwani wafike siku mbili kabla. Pumzi huku juu ni fupi na mistari mirefu itawakatikia.

Je, kama mwimbaji wa zamani ameshafariki? Manowar walirudia mwaka 2010 albamu yao ya 1982. Ile ya kwanza ilikuwa na simulizi kwa sauti ya mwigizaji Orson Welles, ambaye alifariki 1985. Hawakutafuta mtu wa kumwigiza Welles. Walimchukua Christopher Lee, mwenye sauti nzito ya kwake mwenyewe, na simulizi ikasimama. Mwigizaji humkumbusha msikilizaji kila sekunde kwamba mwenyewe hayupo.

Nani mwenye wimbo

Wimbo na rekodi ni mali mbili. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo; mtunzi aliyefariki 1995, warithi wake bado ni wa kuombwa ruhusa hadi 2045. Rekodi ya zamani ni ya aliyeirekodi. Kurekodi upya kunawapa rekodi mpya iliyo yenu, hakuwapi utunzi. Bendi zilizokuwa za viwanda na mashirika zina swali la ziada la jina. Karatasi moja iandikwe kabla ya siku ya kwanza ya studio: nani mtunzi wa maneno, nani wa muziki, nani anapata asilimia ngapi, na warithi wa marehemu wanawakilishwa na nani, sahihi au dole gumba, mashahidi wawili, kisha kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kuandika baada ya wimbo kupendwa ni kualika mahakama.

Chunguzeni pia kama wimbo wenyewe ni wenu. Dimmu Borgir wa Norwe walipoirudia mwaka 2005 albamu yao ya 1996, kipande kimoja hakikurudi, kwa kuwa ilikuwa imebainika ni muziki wa mchezo wa kompyuta uliotungwa na Tim Wright. Dansi letu lina nyimbo ngapi ambazo solo lake lilisafiri kutoka Kinshasa bila hati ya kusafiria?

Kumiksi na kuhifadhi

Msiibane sauti hadi mwisho. Albamu ya Metallica ya 2008 ilibanwa kiasi kwamba mashabiki walisaini ombi la kutaka imiksiwe upya. Na haina faida: Spotify husawazisha nyimbo kuelekea kiwango cha LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo iliyobanwa inashushwa tu na kubaki bapa. Acheni kilele kwenye dB -1. Mkilinganisha na rekodi ya zamani, shusheni mpya hadi zilingane kwa sauti, maana sikio huchagua yenye kelele zaidi na kudhani ni bora. Kisha ichezeni kwenye spika za Coaster ya Tunduma. Besi ikipotea humo, haipo.

Toleo la zamani lisiondolewe popote lilipo, na jipya liandikwe mwaka wake wazi. Njia moja ya biti 24 na kilohezi 48 hula megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 6, njia 16, teki 5, ni gigabaiti 4.1 hivi, na nyimbo 8 ni kama 33. Disko mbili na flashi moja ya 64 zinatosha, katika nyumba tatu tofauti, kila njia ikiwa na jina la aliyepiga. Besi ya Daisley na dramu za Kerslake ziliweza kurudi 2011 kwa sababu kuna mahali zilikuwa zimetunzwa.